Anayebaki Nyumbani Siku ya Chanjo ya Mbwa

Katika vijiji vya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, siku ya chanjo ya mbwa ni siku ya watoto. Wakubwa wako shamba au mnadani. Wanaofika uwanja wa shule ni wavulana na wasichana wa darasa la nne na la tano, kila mmoja akiburutwa na mbwa wa kwao. Kamba ni chochote kilichopatikana: katani, ukanda wa mpira wa baiskeli, wakati mwingine kanga ya mama ambaye hakuulizwa. Simba anataka kupigana na Bosi, Polisi amejibanza chini ya mti na hatoki, na bwana mifugo anachoma sindano huku jicho moja likimchunga mbwa aliye nyuma yake. Kila aliyechanjwa anatiwa alama, utepe wa rangi shingoni au rangi mgongoni, na mwenye mbwa anapewa kadi.

Foleni hiyo inapendeza macho. Tatizo ni wale ambao hawamo.

Ukiwauliza watoto kama kuna mbwa mwingine nyumbani, majibu hayatofautiani sana. Kuna kilebu, lakini bado mdogo. Kuna mama yake, lakini amezaa juzi na ni mkali. Kuna mzee, lakini hatembei vizuri, na baba amesema huyo wa kufa tu, sindano ya nini? Hawa watatu ndio wanaoshinda karibu zaidi na watu: kilebu amebebwa na mtoto tangu asubuhi, mama analala jikoni kwenye joto la majivu, na mzee amejinyoosha mlangoni, hata wageni wanamruka.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kikiingia jerahani hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kuogopa maji na kukakamaa koo, hakuna tiba ya kutegemewa. Karibu kila aliyefikia hapo hufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Yaani ni rika lile lile lililoshika kamba pale uwanjani.

Ili ugonjwa ukatike, inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa, na hesabu hiyo inateleza kuliko inavyoonekana. Mbwa wengi wa vijijini hawaishi muda mrefu. Wengine wanagongwa, wengine wanaliwa na chui, wengine wanakufa wakingali wadogo, na nafasi zao zinajazwa na waliozaliwa baada ya kampeni. Kijiji kilichochanja vizuri mwaka huu kinaweza kujikuta mwakani chini ya kiwango bila mtu yeyote kufanya kosa. Kadi zimo ndani ya sanduku, wenye kadi hawapo. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka, na ndiyo maana kilebu si wa kuachwa. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa mbwa wachanjwe katika kampeni hata kama hawajatimiza miezi mitatu, kisha warudiwe kampeni inayofuata. Mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha naye anachanjwa, kwa kuwa sindano hiyo haina kirusi hai. Kwa mzee, uzee peke yake si sababu ya kumwacha.

Meno ya kilebu ni kama sindano, na mikwaruzo yake ni midogo. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto akiumwa na mbwa mkubwa, nyumba nzima inapiga kelele. Akikwaruzwa na kilebu anacheka, mama anafuta damu kwa upindo wa kanga, na habari inaishia hapo. Kilebu huyo akifa siku tatu baadaye, wanasema ni minyoo. Huenda ni minyoo kweli, lakini jeraha la kilebu mgonjwa linahesabika sawa na la jibwa.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe anakimbia njiani akitoka povu. Wako wanaokuwa wakali ghafla na kung'ata vijiti na mawe. Wako wanaopoa, wakajificha gizani, sauti ikabadilika, taya likalegea, mate yakawa yanadondoka. Huyu wa pili ndiye anayewaponza wenye huruma. Anaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni, na mtu anayempenda anaingiza mkono kinywani kumsaidia. Mbwa anayeshindwa kumeza aachwe, afungiwe mahali peke yake, na aitwe mtaalamu wa mifugo.

Aliyeumwa aanze na maji na sabuni, pale pale, kabla hata ya kumtafuta mwenye mbwa. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ambazo ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Kama bomba halipo, mmoja amimine kwa kata na mwingine asugue. Pilipili, mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu na jiwe la nyoka havina kazi hapo. Siku hiyo hiyo aende kituo cha afya. Chanjo ya ndani ya ngozi inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hutolewa siku ya kwanza, inayohesabiwa sifuri, kisha siku ya 3 na ya 7. Ya kwenye msuli inachukua muda zaidi, na kwa majeraha makubwa daktari anaweza kuongeza dawa ya kinga inayochomwa kuzunguka kidonda. Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa salama. Aangaliwe kwa siku kumi, maana mbwa aliyekuwa na kirusi kwenye mate wakati anauma hataimaliza siku hizo akiwa mzima. Akifa, kichwa chake kinaweza kupimwa, kwa hiyo afisa mifugo apewe taarifa kabla ya kuzika, na mzoga usishikwe mikono mitupu.

Kwamba ugonjwa huu unaweza kufukuzwa, Pemba wanajua. Kisiwa kile kina mbwa wachache, na nyumba nyingi hazimruhusu mbwa kuvuka kizingiti kwa ajili ya unajisi wa mate yake, lakini kichaa kiliwafikia hata hivyo. Chanjo za mbwa zilianza mwaka 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika. Chanjo zilipolegea ukarudi, mwaka 2016. Wanasayansi waliosoma vinasaba vya kirusi waliona kwamba uliingia mara mbili, kwa njia mbili tofauti, kutoka nje ya kisiwa. Chanjo zikaanza upya, na mwaka 2018 ukatoweka tena. Bahari haikuuzuia; walioufukuza ni mbwa wenyewe, wakiwa wamechanjwa.

Kichaa kinaogopwa kwa haki, lakini si kila madhara ya mbwa yana meno. Kilebu mwenye tumbo la mviringo na mgongo uliokonda mara nyingi husifiwa kuwa ameshiba, kumbe ni minyoo ya duara. Mama huwapa wanawe tangu tumboni, kisha kwa maziwa. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, hukomaa udongoni kwa wiki kadhaa, na yanaweza kubaki humo kwa miaka. Mtoto anayetambaa uani na kutia mchanga mdomoni humeza mayai hayo. Mara nyingi haonyeshi dalili, lakini buu wa mnyoo akizurura hadi jichoni anaweza kuharibu uwezo wa kuona. Dawa ya minyoo kwa kilebu huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani: wiki ya pili baada ya kuzaliwa, kisha kila baada ya wiki mbili hadi aache kunyonya, na mama yake apewe pamoja naye. Kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa mbali na kisima na bustani ya mchicha. Kazi hiyo haina heshima, lakini ni dawa.

Turkana, kaskazini mwa Kenya, wana hadithi nzito zaidi. Huko mbwa alikuwa sehemu ya malezi. Aliishi ndani ya nyumba pamoja na watoto, akiwalamba na kuwasafisha. Mbwa hao hao walikula matumbo na mapafu ya mbuzi na kondoo yenye malengelenge ya maji, ambayo ndani yake mna mbegu ya tegu mdogo. Tegu huyo hukua utumboni mwa mbwa, na mayai yake, yakishika kwenye manyoya na mikono, humfikia binadamu. Humo ndani ya ini au mapafu ya mtu hutokea mfuko wa maji unaokua polepole kwa miaka, wakati mwingine mpaka ukahitaji upasuaji. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani, na shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kupambana na ugonjwa huo mwaka 1983. Kwa familia inayochinja nyumbani, iwe Idi, Krismasi au arusi, kanuni ni moja: ini au pafu lenye lengelenge halirushiwi mbwa. Linachomwa au kufukiwa kina ambacho makucha hayafiki.

Mlo wa mbwa katika nyumba nyingi ni ukoko wa ugali, mchuzi uliobaki na vichwa vya dagaa, na mbwa wengi wamelelewa hivyo. Lakini ipo tabia ya kumpikia mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa "ni ya mbwa tu." Sumukuvu, inayotokana na ukungu huo, ni sumu ya ini kwa mbwa kama ilivyo kwa mtu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mahindi yasiyofaa kwa watoto hayamfai Simba, na nyumba ambayo mbwa wake wanageuka manjano macho na kukataa chakula ifungue ghala ikague magunia.

Sasa yule mzee wa mlangoni. Kijijini, mbwa kuzeeka ni sifa ya nyumba; kuna mtu amemlisha na kumtoa kupe kwa miaka. Macho yameingia ukungu na masikio hayasikii. Mbwa ambaye hajawahi kumuuma mtu anaweza kumng'ata mtoto wa nyumbani kwa kushtuliwa usingizini tu. Ahamishwe mlangoni, apewe gunia lake kwenye kona isiyopitwa, na watoto wafundishwe kumwita na kugonga chini kabla ya kumgusa. Meno yakiisha, dona lilainishwe kwa mchuzi. Kuuma kwake, kwa kosa au kwa uchungu wa viungo, kunatibiwa kama kuuma kwingine kote, na kadi yake ya chanjo ndiyo kitu cha kwanza ambacho daktari ataomba kuona.

Jua linapoinama, foleni ya uwanjani imekwisha na bwana mifugo anapita nyumba kwa nyumba na kisanduku chake cha barafu. Bibi anayechambua mboga anapokea shikamoo yake.

"Marahaba, mwanangu. Mbwa wetu wamekwenda wote."

"Wote, bibi?"

Mjukuu anaangalia chini ya kihenge. Kilebu anatolewa kwa ukosi, anachomwa, analia kidogo, anasahau. Kisha bwana mifugo anapiga magoti kando ya gunia, anagonga chini mara mbili, na mzee anainua kichwa.