Waipa zinafuta kioo kikavu

SWALI: Fundi, tangu nibadilishiwe kioo cha mbele, waipa za otomatiki zinafuta hata jua likiwaka, na mvua ikinyesha zinachelewa. Sensa imekufa?

JIBU: Huenda ni nzima. Sensa hiyo, iliyobanwa upande wa ndani wa kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, haipimi mvua. Hurusha kwa mshazari mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Kioo kikiwa kikavu, sehemu kubwa ya mwanga huo hurudi. Tone likitua nje, mwanga hupenyea kwenye maji, unaorudi hupungua, na waipa huanza kufuta. Ndiyo maana hata uchafu au ufa mbele yake huichanganya.

Kwako ninashuku jeli angavu inayounganisha sensa na kioo. Ikirudishwa ya zamani iliyochafuka, au viputo vya hewa vikibaki, vipimo huharibika. Mrudie aliyekuwekea kioo, umdai jeli mpya kabla hujanunua sensa. Baadhi ya magari huhitaji pia sensa iwekwe sawa upya kwa mashine ya kupimia.

Na tafadhali, ukipeleka gari kuoshwa, zima otomatiki: maji yakigusa kioo, waipa zinaweza kumpiga mwoshaji vidole.