Miezi ya Watoto na Miezi ya Mavuno: Somo la Deni kutoka Songea



Katika barza zetu husemwa mara kwa mara kwamba sisi wenye mikarafuu tumeandikiwa deni kwa sababu mti wenyewe hauaminiki. Mwaka huu unazaa hata matawi yanainama, mwaka wa pili unatoa majani matupu. Maneno hayo yana ukweli wake, walakini si ukweli wote. Somo la safari hii nalileta kutoka Songea, mkoa wa Ruvuma, ambako watu huishi kwa mahindi yanayovunwa kila mwaka, na deni la nyumbani walijua kama tulijuavyo sisi.

Songea mvua ni moja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Disemba ikakoma Aprili, na mavuno huanza kiasi cha Mei na Juni. Wakulima wa huko si wageni wa ushirika: chama kikuu cha Ngomat, cha Wangoni na Wamatengo, kilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuuza tumbaku, nacho kikafa pamoja na wenzake wote serikali ilipovunja vyama vikuu mwaka 1976, hata sheria ya 1982 ikavirudisha. Hivi leo serikali hununua mahindi yao kwa mkono wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Basi wana mvua ya kutegemea, mavuno ya kila mwaka, na mnunuzi wa serikali. Deni linatoka wapi?

Linatoka Januari. Mwezi huo ghala ni nyeupe, mahindi mapya yako magotini, na skuli ndiyo kwanza zinafunguliwa. Ni kweli kwamba bara ada ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula havikufutwa. Februari na Machi ndiyo miezi ya homa kwa watoto wadogo. Mwenye shida huenda kwa mwenye fedha, akapewa kidogo, akaahidi gunia wakati wa mavuno. Magharibi ya Songea, upande wa Mbinga kwenye kahawa, biashara ya namna hii huitwa magoma, na kule Kagera huitwa butura. Viongozi wameikemea mara nyingi, nayo ipo.

Tufanye hesabu. Mtu akopa shilingi 30,000 Januari, alipe gunia moja la kilo 100 mwezi wa Julai. Tuseme siku hiyo kilo ni shilingi 600, basi gunia ni 60,000. Kwa miezi sita ameongeza 30,000 juu ya 30,000. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kipimo hicho nyongeza ingekuwa 6,300. Sisemi kwamba hiyo 6,300 ni halali kwa Mwislamu, hilo waulizwe masheikh. Nasema tu kwamba gunia huficha bei ya mkopo, kwa sababu mkopaji anaona mahindi na haoni asilimia.

Nilikaa siku tisa kwa shemeji yangu, mtaa wa Bombambili pale mjini Songea. Yeye na mkewe wana watoto watatu, mkubwa yuko darasa la pili na mdogo bado ananyonya. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa na deni la dukani 86,000, la mbolea 310,000, la mkopo wa wale watu waitwao kausha damu 200,000, na magunia manne waliyokwisha kuyala kabla ya kuyavuna. Jumla 836,000 kwa bei ile tuliyoitumia.

Walichofanya kwanza ni kununua daftari moja na kuandika kila deni ukurasa wake: nani anadai, lini, na nini kitatokea likichelewa. Mke ndiye aliyeandika, kwa sababu deni la dukani alikuwa akilijua yeye peke yake, na la kausha damu alikuwa akilijua mume peke yake. (Nadhani nyumba nyingi za wanachama wetu ziko hivyo hivyo, ila hatusemi.) Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote za Kurani, inahusu kuandika deni, na sisi tuliyoihifadhi chuoni ndio tunaokopeshana kwa mdomo.

Walipokwisha kuandika waliona jambo ambalo jumla haikuonyesha. Madeni yao yalikuwa ya namna mbili: yanayolala na yanayokua. La mbolea lilikuwa limelala. Mwenye duka la pembejeo alikubali kulipwa kwa mafungu mawili bila ya nyongeza, maana alitaka mteja wake arudi. La kausha damu na lile la magunia yalikuwa yakikua usiku na mchana. Mtu mwenye haya huanza kumlipa anayemwona kila siku, yaani mwenye duka la mtaani. Wao walianza na linalokua.

Msimu ule walivuna magunia 38. Kumi na mawili waliyaweka ya chakula. Manne yalikwenda kwa mdai. Kumi na sita waliyauza, wakapata 960,000, wakalipa kausha damu 240,000 pamoja na nyongeza yake, nusu ya mbolea 155,000, na la dukani lote. Ikabaki 479,000 ya mbegu, mbolea na matumizi. Na magunia sita waliyatia katika mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi asiingie, wakayaita ya Januari. Hayo sita ndiyo yaliyowatoa. Wangeweza kuyauza Julai wakamaliza deni la mbolea, na Januari wangerudi kwa mkopeshaji kama kawaida. Waliacha deni linalolala liendelee kulala, wakaziba kwanza mwezi unaozaa deni jipya. Deni lote liliisha baada ya mavuno mawili.

Mke alifanya na jingine. Kikundi chake cha kuweka na kukopa kilikuwa kikivunja mwaka na kugawa fedha mwezi wa Julai, wakati kila mtu ana mahindi. Yeye na wenzake wenye watoto wadogo wakaomba mgawo uhamishiwe mwisho wa Disemba. Vikundi hivi vya sanduku la kufuli tatu tunavyo hapa Visiwani pia. Mfano wake ulianza Niger mwaka 1991, ukiongozwa na shirika la CARE. Wenye kuogopa riba hubaki na upatu tu, ambao hauna nyongeza. Vyovyote iwavyo, kila kikundi kijiulize kinagawa mwezi gani.

Sasa turudi kwetu. Gunia la kabla ya mavuno hapa kwetu ni kukodisha mikarafuu ingali na vikonyo vichanga. Tuseme kijana ana miti 20, kila mti kilo tatu kavu, nazo ni kilo 60. Tuchukue 14,000 kwa kilo, kwa ajili ya hesabu tu: 840,000. Toa ujira wa wachumaji, chakula chao, kuanika na usafiri, tuseme 300,000. Yabaki 540,000. Mtoto ameugua, akaikodisha miti kwa 250,000. Amekopa kwa nyongeza ya 290,000. Na haki isemwe: mwenye kukodi naye hubeba khatari, maana mvua ikiharibu karafuu juani hasara ni yake. Lakini kuna bei nyingine isiyoandikwa. Mkodi hana haja ya mwakani. Wachumaji wake huvunja matawi ili wamalize upesi, na tawi lililovunjwa leo halizai msimu ujao. Kwa hiyo deni la homa ya mtoto hulipwa na mti kwa muda mrefu baada ya mtoto kupona.

Tena sisi tuna jambo ambalo si wote huko Songea wanalo. Januari yao haihami. Kwetu Ramadhani na Sikukuu hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, ilhali mavuno ya mwaka na ya vuli yako pale pale. Mwaka ambao Idi imefuata mavuno, nguo za watoto hazina tabu. Mwaka unaoangukia kabla yake, nguo hizo hizo hukodishiwa miti. Na mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, skuli nazo zinafunguliwa hapo hapo. Mwenye mtoto wa miaka mitatu leo na aiweke tarehe hiyo katika daftari.

Wazee wetu waliijua rahani na bei khiyari, na mashamba mengi yalikwenda kwa njia hizo. Mwaka 1934 serikali ya wakati ule ilitoa sheria ya kuzuia ardhi isihame kwa deni. Sheria ile iliushika mkono wa mdai. Mwezi wa njaa ulibaki kama ulivyokuwa.

Kwa mwanachama aliyekwisha kodisha mwaka huu, bado kuna la kufanya. Makubaliano yaandikwe nakala mbili mbele ya sheha: idadi ya miti na mipaka yake, karafuu za msimu mmoja tu, wachumaji wapande kwa ngazi na wasivunje matawi, na siku miti itakaporudi kwa mwenyewe. Makonyo nayo yatajwe ni ya nani. Yana mnunuzi, kwani ndiyo yanayokamuliwa mafuta kiwandani Wawi, Pemba, na aghalabu mwenye shamba huyasahau, yakaenda bure pamoja na karafuu.