Wajumbe 56 na Deni Lao

Wanachama wenzangu, kila mara tunakariri kwamba Marekani ilijitangazia uhuru tarehe 4 Julai, 1776. Tunakariri tarehe, basi! Je, waliotangaza walitaka nini hasa?

Wakati huo kulikuwa na makoloni 13 chini ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Bunge la London liliwatoza watu wa huko kodi, na ilhali hawakuwa na mbunge hata mmoja ndani yake. Vita vikaanza Aprili 1775. Wajumbe wa makoloni walikuwa wakikutana mjini Philadelphia, na mnamo 7 Juni, 1776, Richard Henry Lee wa Virginia alitoa hoja ya uhuru. Si wote waliokubali. John Dickinson wa Pennsylvania alishikilia kwamba wakati haujafika. Kura ilipopigwa Julai 2, makoloni 12 yaliunga mkono. New York haikupiga. Siku mbili baadaye wakapitisha Azimio la Uhuru, ambalo aliyeliandika zaidi ni Thomas Jefferson, mwenye umri wa miaka 33.

Azimio hilo lina nguzo tatu:
1. Binadamu wote ni sawa, na wana haki ya kuishi na kuwa huru.
2. Serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa.
3. Serikali ikizivunja haki hizo, raia wanaweza kuibadilisha.

Haya hayakuwa maneno ya mchezo. Kutia sahihi kulikuwa uhaini, na adhabu yake ni kifo. Hata hivyo wajumbe 56 walitia.

Lakini hapa ndipo penye mfupa. Jefferson mwenyewe alimiliki watumwa! Katika rasimu yake alilaani biashara ya watumwa. Wajumbe wakakifuta kifungu hicho, maana South Carolina na Georgia hazikukitaka. Utumwa ulipigwa marufuku nchini kote mwaka wa 1865.

Sasa, tuseme walikuwa wanafiki na maneno yao tuyatupe? Mimi nasema la. Wahenga walinena, ahadi ni deni. Mwaka wa 1852 Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa akatoroka, aliwasifu wajumbe hao kwa ujasiri wao, kisha akauliza sherehe hiyo ilimhusu nini mtumwa. Alitumia maneno yao wenyewe kuwadai wana wao. Aliyeandika anaweza kushindwa kutimiza, lakini karatasi hubaki, na mwenye haki huishika mkononi.

Maswali ya kujadili chamani:
(a) Kwa nini kifungu cha utumwa kilifutwa?
(b) Je, neno jema likitoka kwa mtu mwenye dosari, hupoteza thamani?