Maji ya mto yenye metali nzito: utando wa mafuta unafaa kwa pampu yako?

Kuna swali limenifikia mara kadhaa kutoka kwa wanaolima mboga bonde la Msimbazi hapa Dar. Wamesikia teknolojia inaitwa utando wa kimiminika, inanasa metali nzito kwenye maji kwa kutumia mafuta. Je, mwenye eka mbili anaweza kuifunga kwenye pampu yake? Jibu langu la haraka ni hapana. Ila ukielewa kwa nini, utajua hela yako iende wapi, kwa hiyo twende taratibu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unakatiza kwenye makazi na viwanda, kisha unamwaga baharini. Watafiti wamepima maji, udongo na mboga za bonde hili kwa miaka mingi, na wamekuta metali kama risasi, kadimiamu na kromiamu. Ubaya wa metali ni kwamba haiozi. Kinyesi kitaoza, dawa nyingi za wadudu zitavunjika, lakini kadimiamu ikiingia kwenye tuta lako imehamia hapo.

Piga hesabu na mimi. Mwongozo wa FAO kwa maji ya umwagiliaji unapendekeza kadimiamu isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Tuseme maji yako yako pale pale kwenye kikomo, na unamwagilia hekta moja kwa mita za ujazo 10,000 kwa mwaka. Umeingiza gramu 100 za kadimiamu. Mwaka wa pili gramu 100 nyingine juu ya zile za kwanza. Na mboga za majani ndizo hodari wa kuivuta. Kiwango cha Codex kwa mboga hizo ni miligramu 0.2 tu kwa kilo, kwa hiyo mnunuzi anayepima, awe wa hoteli au wa kusafirisha nje, anaweza kukurudishia mzigo mzima hata kama mchicha unang'aa. Asiyepima atanunua, na familia za watu zitakula.

Sasa huo utando. Usifikirie nailoni. Ni tabaka la mafuta, mara nyingi mafuta ya taa, lililokaa kati ya maji mawili: upande mmoja maji machafu, upande wa pili maji yenye asidi. Metali iliyoyeyuka haipiti kwenye mafuta yenyewe, kwa hiyo ndani yake huwekwa kemikali ya kuibeba. Fikiria pantoni ya Kigamboni. Kemikali inapakia metali upande wa maji machafu, inavuka nayo, inaishusha upande wa asidi, halafu inapakia haidrojeni na kurudi kuchukua mzigo mwingine. Kinachonifurahisha ni kwamba metali huendelea kuvuka hata kule inakokwenda kukiwa kumejaa zaidi ya inakotoka. Nguvu ya kuisukuma ni ile tofauti ya asidi. Ndiyo maana metali iliyotawanyika kwenye maji mengi inaweza kukusanywa kwenye asidi kidogo.

Norman Li, akiwa mtafiti wa Esso huko Marekani, alipata hataza ya utando wa aina hii mwaka 1968. Katika njia yake, matone madogo ya asidi hufungwa ndani ya mafuta mpaka mchanganyiko unakuwa kama maziwa, kisha unakorogwa ndani ya maji machafu. Baadaye maziwa hayo huvunjwa, mara nyingi kwa umeme wa volti kubwa, asidi yenye metali ikatoka na mafuta yakatumika tena. Miaka ya 1980 kiwanda cha nyuzi za nguo mjini Lenzing, Austria, kilitumia njia hii kutoa zinki kwenye majitaka yake. Njia nyingine ni kuyalowesha mafuta kwenye vitundu vidogo vya plastiki.

Umeona ilipofungwa? Kwenye bomba la kiwanda. Pale metali inajulikana ni ipi, maji ni machache ukilinganisha na mto, na kuna fundi wa kuangalia asidi saa zote. Shambani kwako hali ni nyingine. Eka moja ikihitaji milimita 5 za maji kwa siku, hizo ni kama lita 20,000. Mto unabadilika kila mvua ikinyesha. Matone ya asidi yakipasuka, metali inarudi majini, na mafuta yakivuja yanakwenda kwenye mizizi. Halafu ile asidi iliyojaa kadimiamu utaimwaga wapi, jamani?

Na chujio la dripu lisikudanganye. Linazuia mchanga na takataka. Bwawa la kutuamisha linasaidia kwa metali iliyoshikana na tope, lakini ile iliyoyeyuka inapita zake.

Hela yako ipeleke maabara kabla ya kulipia kodi ya shamba. Kipimo cha pH na chumvi hakionyeshi metali, kwa hiyo taja kwa majina: risasi, kadimiamu, kromiamu, na zebaki kama juu yako kuna wachimbaji wa dhahabu. Pima udongo pia, maana maji ya leo yanaweza kuwa safi na tuta likawa na mzigo wa miaka 20. Chupa chukua maabara, usitumie ya soda.

Majibu yakiwa mabaya, tafuta maji mengine au shamba jingine. Kama udongo umeguswa kidogo, acha mboga za majani, lima mazao ya matunda kama bamia, na kama una tindikali pandisha pH kwa chokaa hadi karibu 6.5 au 7. Hiyo hupunguza kadimiamu inayovutwa na mmea, haiiondoi. Kisha pima mavuno yako.

Na msiende mmoja mmoja. Kikundi chenye majibu ya maabara mkononi kiende NEMC na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, kiulize bomba gani linamwaga nini juu ya mashamba yenu. Andikeni tarehe na mahali pa kila sampuli, na mbaki na nakala.