Somo la Sayansi: Taka Katika Ujenzi wa Barabara

Mwalimu anayekwenda kufundisha Kiabakari hana haja ya kutafuta mbali zana za somo hili. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma inapita hapo, na hapo ndipo palipokuwa na mgodi wa dhahabu uliofungwa mwaka 1966. Barabara na mabaki ya mgodi ni majirani, na watoto wanavijua vyote viwili.

Shabaha

Mwishoni mwa somo, wanafunzi wa darasa la sita waweze:
(a) kueleza sifa za kifusi bora cha barabara;
(b) kulinganisha vifusi kwa jaribio la haki;
(c) kueleza kwa nini si kila taka inafaa kutumiwa tena.

Maarifa ya Mwalimu

Jambo hili si geni. Mwaka 1901 huko Derbyshire, Uingereza, mhandisi Edgar Purnell Hooley aliona mahali ambapo lami ya makaa ilikuwa imemwagika, ikafunikwa kwa mabaki ya tanuri la chuma. Pakawa pagumu, pasipo vumbi. Mwaka 1902 alipata hataza ya mchanganyiko huo. Miaka mia moja baadaye, huko India, Profesa R. Vasudevan alionyesha kwamba plastiki iliyokatwakatwa, ikiyeyushwa juu ya kokoto za moto, huifanya lami ishike vizuri zaidi. Mwalimu asijaribu kuyeyusha plastiki darasani, kwani moshi wake unadhuru.

Zana

Makopo matatu ya ukubwa mmoja yaliyotobolewa chini, udongo wa mfinyanzi, vipande vya matofali yaliyovunjika, changarawe, mchanga, mti wa kushindilia, rula, maji, na jiwe moja la mviringo.

Hatua za Somo

1. Kopo la kwanza litiwe mfinyanzi mtupu. La pili, vipande vya matofali vitupu. La tatu, vipande hivyo pamoja na changarawe, mchanga na mfinyanzi kidogo.
2. Kila kopo lishindiliwe mara 25. Tuwaulize wanafunzi: kwa nini idadi iwe sawa?
3. Kila kopo limiminiwe kikombe kimoja cha maji, kisha liachwe hadi siku ya pili.
4. Jiwe liangushwe katika kila kopo kutoka kimo cha sentimita 50, na kina cha shimo kipimwe kwa rula.

Tusiwape jibu mapema. Waandike vipimo kwanza, kisha tuwaongoze waone kwamba vipande vikubwa hubeba uzito, vidogo huziba nafasi, na mfinyanzi kidogo huvishikamanisha. Mfinyanzi ukizidi, mvua huugeuza matope.

Swali Gumu

Hapana budi mtoto mmoja atauliza: "Mwalimu, kwa nini tusichukue mchanga wa mgodi? Upo mwingi, tena ni bure." Tusilikwepe swali hili, maana hapa ndipo lilipo somo lenyewe.

Marudio ni unga wa mawe uliobaki baada ya dhahabu kutolewa. Huweza kuwa na zebaki au sianidi iliyotumika, na arseniki iliyokuwamo ndani ya jiwe tangu asili. Tena mawe yenye salfa yakipata hewa na mvua huzaa asidi, nayo huyeyusha metali na kuzipeleka visimani. Likiwa barabarani, vumbi lake huingia vifuani. Magwangala, yaani mawe yaliyotupwa bila kusagwa, yaweza kufaa zaidi, lakini nayo hayana budi kupimwa maabara kwanza. Jicho haliwezi kuiona arseniki.

Kwa hiyo mwalimu asiwatume watoto kwenye marundo hayo, hata kwa nia njema ya kukarabati njia ya shule. Matofali yaliyovunjika yanatosha.

Maswali ya Kujipima

1. Je, jaribio lingekuwa la haki kama makopo yangeshindiliwa mara tofauti?
2. Taja taka mbili za kijijini kwako. Ni ipi ungeitumia barabarani, na ungehakikishaje kwanza kwamba ni salama?