Fundi Seremala na Mwanawe

Wanafunzi wenzangu, katika Historia twakariri sana majina ya magavana. Leo napenda kuwaelezeni habari za fundi mmoja, Sudh Singh, seremala wa Kipunjabi.

Alifika Kenya mwaka 1920, akafanya kazi katika reli. Mkewe na watoto walimfuata Nairobi mwaka 1927. Baadaye alianzisha kiwanda chake cha kupiga chapa. Mwanawe Makhan, aliyezaliwa mwaka 1913, alitaka kuendelea na masomo ya juu, lakini fedha hazikutosha. Basi akaingia kazini kwa baba yake, mikono ikapakaa wino.

Katika kazi hiyo aliifahamu dhiki ya mafundi. Mwaka 1935 akawa katibu wa chama cha wafanya kazi kilichopokea watu wa kila rangi. Mwaka 1937 mafundi wa Nairobi waligoma siku 62, wakapata nyongeza ya mshahara. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai uhuru waziwazi. Mwezi uliofuata alikamatwa, akakaa kizuizini mpaka mwaka 1961.

Baba yangu naye ni seremala. Mwanzo wa muhula, nilipoulizwa darasani kazi yake, nilinyamaza kwa haya. Sasa najibu bila kusita, maana randa na msumeno wake ndivyo vinavyonivisha sare na kuninunulia vitabu. Likizo hii nitakwenda kumshikia ubao.