Drosera: Mmea Unaomnasa Mdudu

Kila mwanafunzi wa biolojia hufundishwa kwamba mmea hujitengenezea chakula na kwamba mdudu huula mmea. Katika jenasi ya Drosera, mmea ndio unaomnasa mdudu. Hata hivyo, drosera haikuacha kutumia mwanga wa jua. Sukari huitengeneza yenyewe kwa usanisinuru. Inachokipata kwa mdudu ni naitrojeni na fosforasi, ambazo ni haba katika udongo wa kinamasi inamoota.

Namna ya kunasa

Majani yake yana vinyweleo vyekundu, na nchani mwa kila kimoja mna tezi itoayo tone la ute linalometa kama umande. Mdudu atuapo hunata, na vinyweleo vya jirani humwinamia. Kisha vimeng'enya huyeyusha sehemu zake laini, jani likafyonza virutubisho, na ganda tupu likabaki.

Mwaka 1875 Charles Darwin wa Uingereza alichapisha kitabu juu ya mimea ya aina hii. Alionyesha kwamba vinyweleo huinamia kipande cha nyama kwa muda mrefu kuliko kipande cha kioo, na kwamba matone ya maji hayavisogezi. Mwaka 1878 mwanawe, Francis, alieleza kwamba mimea iliyolishwa nyama ilitoa mbegu zaidi ya mara mbili ya ile iliyonyimwa.

Utambuzi

Katika Afrika Mashariki aina zifuatazo hutambulikana kwa umbo:

(a) Drosera indica: shina limesimama, majani ni marefu na membamba kama uzi.
(b) Drosera madagascariensis: majani ya umbo la kijiko yamepangika kwa nafasi kando ya shina.
(c) Drosera burkeana: majani yametandazwa duara karibu na ardhi.

Si kila mmea unaonata hula wadudu. Majani ya tumbaku hunata na huua wadudu wadogo, lakini tumbaku haihesabiwi katika kundi hili.

Ukuzaji

Chungu kijazwe mchanga uliooshwa, uliochanganywa na udongo wa kinamasi. Mchanga wa ufukweni haufai kwa sababu ya chumvi. Mbegu, ambazo ni ndogo kama vumbi, zinyunyizwe juu bila kufukiwa, kwani huhitaji mwanga ili ziote. Chungu kiwekwe juani, ndani ya sahani yenye maji ya mvua. Maji ya bomba yenye madini mengi hudhuru mmea, na mbolea huweza kuuua: mizizi iliyozoea ufukara haihimili wingi.

Kwa sababu hiyohiyo drosera hutoweka pale kinamasi kinapokaushwa, au mbolea ya mashamba inapotiririkia humo. Mkusanyaji achukue mbegu chache tu, wala asing'oe mmea. Darasa linalong'oa mimea yote ya kinamasi kimoja huwanyima somo wanafunzi wa mwaka ujao.

Jaribio na maswali

Weka kipande cha ute wa yai lililochemshwa, kisichozidi kichwa cha pini, juu ya jani moja, na chembe ya mchanga safi juu ya jingine. Andika hali ya vinyweleo kila saa, kisha kesho yake.

1. Ni jani lipi lililofunguka kwanza? Kwa nini?
2. Mmea ungepata hasara gani iwapo vinyweleo vingeinama kila mvua inyeshapo?
3. Je, drosera ingeweza kuishi gizani iwapo ingelishwa wadudu kila siku? Toa sababu.